Maswali Ninayoulizwa Kuhusu Kuishi na Kusoma Leipzig

Huu ni mwaka wangu wa tatu Leipzig, Ujerumani. Kwetu ni Old Moshi. Nilisoma shahada ya kwanza Mlimani, Dar es Salaam, nikaja huku kwa shahada ya uzamili. Tangu siku niliyoweka picha yangu nikiwa kwenye theluji na koti la kuazima, simu haijapumzika. Wanaouliza ni wadogo zangu, watu niliosoma nao, rafiki wa binamu wa jirani, na mama mdogo mmoja ambaye swali lake ni lile lile kila wiki: mwanangu, unakula nini huko? Nimechoka kurekodi sauti za dakika nane nane WhatsApp, ndiyo maana nimeyaandika hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa kuwa yananigusa. Yale ya viwango na fomu nimeyapitia haraka, maana hubadilika, na kuhakikisha ni kazi yako wewe unayesafiri.

Leipzig ndiyo wapi? Mbona sijawahi kuisikia?

Iko mashariki mwa Ujerumani, jimbo la Sachsen. Ukitoka Berlin kwa treni ya kasi ni saa moja na dakika chache. Wakazi wake wamepita laki sita. Chuo kikuu chake kilianza mwaka 1409, na Angela Merkel alisomea fizikia hapo miaka ya 1970, wakati mji ukiwa bado ndani ya Ujerumani Mashariki.

Wenyeji wakikusimulia habari za mji wao wataanzia kanisa la Nikolai. Hapo watu walikuwa wakikutana kila Jumatatu kuombea amani, na tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 waliingia barabarani wakiwa na mishumaa, polisi wakawatazama bila kufyatua risasi. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Mama mwenye nyumba ninayoishi alikuwepo usiku ule. Anasema alichokiogopa zaidi ni kwamba alikuwa amemwacha mtoto peke yake nyumbani.

Nahitaji pesa kiasi gani kabla sijapanda ndege?

Kama huna ufadhili, ubalozi utataka uoneshe kwamba una pesa za kujikimu mwaka mzima. Njia ya kawaida ni akaunti iliyofungwa, Wajerumani wanaiita Sperrkonto: unaweka pesa zote kabla ya viza, ukifika unapewa kidogo kidogo kila mwezi. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya euro ya leo, kisha ukae chini kwanza kabla hujamwambia baba.

Wengi wetu hatukuzitoa mfukoni mwa mtu mmoja. Mimi nilichangiwa. Kulikuwa na kikao cha ukoo, daftari likazunguka, mjomba wa Arusha akaahidi na akatimiza, wengine wakaahidi tu. Jambo ambalo hakuna aliyeniambia ni hili: pesa hizo ni zako, zinarudi kwako kila mwezi, siyo ada wala kodi. Nyumbani wapo wanaoamini hadi leo kwamba Serikali ya Ujerumani ilizichukua.

Na ada?

Vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo. Unalipa mchango wa muhula, na ndani yake mara nyingi mna tiketi ya usafiri. Lakini usijiamini kupita kiasi: jimbo la Baden-Württemberg linatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na vyuo vingine vimeanza kufuata njia hiyo. Soma ukurasa wa kozi yako mpaka chini kabisa.

Nikifika, nianze na nini?

Anza na anwani. Ujerumani bila anwani wewe hujafika, hata kama umekaa mwezi. Ndani ya wiki mbili tangu uhamie kwenye chumba unatakiwa ukajiandikishe ofisi ya mji, wanaita Anmeldung, ukiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba kuthibitisha kwamba unaishi kwake. Karatasi hiyo ndiyo ufunguo wa kila kitu kinachofuata.

Mimi nilifika Septemba nikiwa nimelipia chumba cha muda kwa mtu niliyempata mtandaoni. Chumba kilikuwepo, namshukuru Mungu, maana kuna waliolipia vyumba visivyokuwepo. Lakini aliyenipangisha alikuwa mpangaji tu, na hakuwa na ruhusa ya kunipangisha mimi. Alikataa kusaini. Benki ikataka karatasi ya kujiandikisha. Bima ikataka akaunti ya benki. Wapangishaji wengine wakataka uthibitisho wa kipato, ambao nao ungetoka kwenye akaunti isiyofunguka. Kwa wiki tano nilizunguka kama ng'ombe wa kukamua alizeti. Aliyenitoa ni dada mmoja Mkenya niliyekutana naye kwenye foleni ya kantini ya chuo. Alinipeleka mwenyewe kwenye bweni lake na kunionesha mlango wa kugonga. Wiki iliyofuata nikapata chumba cha bweni kwa euro 280 kwa mwezi.

Kwa hiyo ukiwa bado Dar, kabla ya kutuma hata senti, uliza swali moja: utanisainia karatasi ya makazi? Akijibu kwa maneno mengi, achana naye.

Na ukishajiandikisha tu, utapokea barua ya kudaiwa ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Utasema huna televisheni. Haisaidii. Inalipwa kwa kila nyumba, si kwa kila mtu, basi gawaneni na wenzako mnaoishi pamoja. Usiitupe barua hiyo. Huku barua haipotei. Inarudi ikiwa na faini.

Lazima nijue Kijerumani kama kozi yangu ni ya Kiingereza?

Darasani hapana. Kwingine kote ndiyo. Daktari, ofisi ya uhamiaji, fundi wa bomba na bibi wa ghorofa ya chini anayelalamika kwamba umeweka chupa kwenye pipa la karatasi, wote hao wanazungumza Kijerumani, tena chenye lafudhi ya Sachsen ambayo haikufundishwa Goethe-Institut pale Dar. Wao "k" huigeuza "g" na "t" huigeuza "d", na maneno huwa kama yanatafunwa kabla ya kutolewa.

Kitu kimoja kitakufurahisha. Kijerumani kina "wewe" mbili: du ya rafiki, mtoto au mwanafunzi mwenzio, na Sie ya mtu mzima usiyemzoea. Wenzangu kutoka Marekani walihangaika nayo mwaka mzima. Mimi niliielewa siku ya kwanza, kwa sababu ni shikamoo iliyosambazwa katika kila sentensi. Kosa langu lilikuwa la upande wa pili: profesa wangu aliniambia nimwite du, nami sikuweza. Mzee wa miaka sitini! Nilikwepa kumtaja kabisa, nikawa naunda sentensi zisizo na mtu ndani yake, mpaka siku moja akaniuliza kama ananiudhi.

Baridi ikoje kweli?

Baridi ina dawa: soksi za sufu, viatu vyenye soli nene, na koti ulinunue huku, tena la mtumba kwenye masoko ya Jumamosi. Usinunue soko la Karume ukidhani limeletwa kwa ajili ya hali ya hewa hii.

Kisichokuwa na dawa ni giza. Desemba jua linazama saa kumi jioni na kuchomoza baada ya saa mbili asubuhi. Juni linakataa kuzama mpaka saa tatu na nusu usiku. Saa zetu za Kiswahili zimejengwa juu ya adabu ya jua, asubuhi ni saa kumi na mbili na jioni ni saa kumi na mbili, mambo yamekwisha. Huku jua halina adabu hiyo. Majira ya baridi ya kwanza nililala mno, nikaacha kupokea simu, nikamwambia mama nina mitihani. Sikuwa na mitihani. Nilikuwa nimezama. Chuo kina ushauri nasaha wa bure kwa wanafunzi, na si wa wendawazimu. Nenda mapema, Novemba, kabla mambo hayajawa mazito. Kingine kilichonisaidia ni kutoka nje saa sita mchana kila siku, hata kama jua ni lile la kuchora tu.

Mama mdogo anauliza: unakula nini?

Ugali, mama. Panda tramu uende Eisenbahnstraße, mashariki ya stesheni kuu. Mtaa huo magazeti yameuchafua jina kwa habari za visu na dawa za kulevya, lakini mimi naujua kwa bamia, tangawizi, binzari, kunde, mikate ya Wasyria inayotoka motoni, na maduka ya Waafrika yenye unga mweupe wa mahindi, mihogo iliyogandishwa na ndizi za kupika. Ndizi zenyewe ni zile ndefu za Afrika Magharibi. Mshale, ndizi zetu za kupika za Kilimanjaro, hakuna, na mtori wa ndizi hizo unakuwa mtamu kama uji wa mtoto. Nimejaribu mara mbili, nimekoma. Mchicha haupo, tunatumia spinachi ya kugandishwa, ikipata nazi ya kopo na karanga unaweza kujidanganya.

Unga wa madukani kwa Wajerumani ni wa njano na wa chenga, wa Kiitaliano, unatoa kitu kama makande yaliyokata tamaa. Na mwiko hawana. Nilinunua kijiko chao cha mbao, chembamba kama cha kukorogea chai. Jioni hiyo nilialika wenzangu wanne wa bwenini waone ugali unavyosongwa. Sufuria imechemka, unga umeanza kushika, nabana sufuria kwa goti huku naegemea ukuta kama tunavyofanya nyumbani, nikasikia "ta!" Kichwa cha kijiko kimebaki ndani, mpini mkononi. Mvietinamu mmoja alipiga makofi akidhani ndiyo sehemu ya mapishi.

Jumapili kuna nini?

Hakuna kitu. Maduka yanafungwa, kwa sheria. Ukisahau kununua mkate Jumamosi, nenda kwenye maduka machache yaliyo ndani ya stesheni kuu, ambako utakuta nusu ya wanafunzi wa mji. Stesheni yenyewe inafaa kutazamwa: ilikamilika mwaka 1915, uso wake una urefu wa karibu mita 300.

Usipige msumari ukutani Jumapili, usifue kwa mashine inayonguruma, usifungulie muziki. Nilipofiwa na babu mwaka jana tulikaa chumbani watu tisa tukaimba tenzi za msiba. Jirani akagonga. Nilifungua nikiwa nimejiandaa kugombana. Alipoambiwa ni msiba alisimama kidogo, akashuka, akarudi na keki nusu kwenye sahani. Hakusema neno. Sahani yake bado ninayo, kila nikienda kuirudisha hayupo.

Naweza kufanya kazi?

Unaweza. Sheria ya sasa inamruhusu mwanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya siku 140 nzima au nusu-siku 280 kwa mwaka. Mwaka 2025 kima cha chini kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Nimeosha vyombo hotelini, nimesambaza vipeperushi, na nimepanga vifurushi usiku kwenye ghala la uwanja wa ndege. Ghala linalipa vizuri, ila nilifeli somo la takwimu muhula ule, na kurudia mtihani kulinigharimu kuliko nilichopata. Usifanye zamu za usiku siku za masomo. Najua utafanya, basi angalau usifanye mbili mfululizo.

Nyumbani nako kuna wanaongoja. Mwezi wa kwanza tu nilipata maombi ya pesa kutoka kwa watu watano. Niliwatumia wawili, nikala mchele mtupu kwa siku kumi. Sasa nina kiwango changu cha mwezi, na kikiisha kimeisha, nasema wazi. Walinuna, wakazoea.

Usafiri ukoje? Nasikia hakuna makonda.

Makonda hawapo, wapo wakaguzi, na wamevaa jinzi kama wewe. Tiketi nyingine ukinunua ni lazima uigonge kwenye kijimashine ndani ya tramu, la sivyo ni karatasi tu. Mimi nilikuwa nimeishika mkononi, mpya, nimeilipia, sijaigonga. Faini euro 60. Niliongea Kijerumani changu chote kilichokuwepo siku hiyo, kikaisha, nikalipa.

Baada ya hapo nunua baiskeli. Mji ni tambarare na njia za baiskeli zipo. Weka taa mbele na nyuma, na kufuli liwe ghali kuliko roho yako inavyotaka, kwa kuwa wizi wa baiskeli Leipzig ni kama michezo ya mtaa.

Ubaguzi upo?

Upo. Nitajibu hili bila kuzunguka. Kuna vyumba nilivyoambiwa kwa barua pepe kwamba viko wazi, nikapiga simu, wakasikia sauti, vikawa vimechukuliwa. Kuna mama alihamisha mkoba wake upande wa pili nilipokaa. Karibu na stesheni nimeulizwa vitambulisho na polisi mara nne, na kila mara kwenye kundi letu mweusi nilikuwa mimi tu. Uchaguzi wa jimbo wa 2024, chama cha AfD, kinachopinga wahamiaji, kilipata karibu asilimia 31 ya kura. Siku ile nilipanda tramu nikajikuta nahesabu: watu watatu, mmoja, watu watatu, mmoja.

Wakati huohuo, Leipzig yenyewe ina watu wengi wanaotoka barabarani kuipinga hali hiyo, na maisha yangu ya kila siku yamejaa watu wa kawaida. Ninayofuata mimi ni haya: vitambulisho mfukoni daima, sherehe za usiku kwenye vijiji nisivyovijua siendi peke yangu, mtu mlevi akianza maneno nahama behewa, sishindani naye. Na nikirudi nyumbani nimeumia nampigia mtu simu siku hiyo hiyo. Kulimeza ndiko kulikonifikisha kwenye lile giza la Desemba.

Nikija kukutembelea kwa siku moja, utanipeleka wapi?

Asubuhi mnara wa vita vya 1813, vita alivyoshindwa Napoleon. Ulifunguliwa 1913, una urefu wa mita 91, ni mweusi na mzito kama mtu aliyekasirika. Tutapanda kwa miguu, ngazi ni zaidi ya 300, na huko juu ndipo utakapoona kwamba mji huu umezungukwa na maji. Ni mashimo ya makaa ya mawe. Walichimba mpaka miaka ya 1990, kisha wakayaacha yajae, sasa ni maziwa yenye fukwe. Cospuden ndilo tunaloogelea. Nalipenda kuliko jengo lolote la hapa.

Jioni, kama ni Ijumaa, tutaingia kanisa la Thomas. Johann Sebastian Bach aliongoza muziki hapo tangu 1723 hadi kufa kwake 1750, na amezikwa humo, mbele, chini ya bamba la shaba. Kwaya ya wavulana inaimba Ijumaa na Jumamosi kwa kiingilio cha euro chache. Mlutheri wa KKKT ukisikia tuni fulani utageuka kumtafuta mwalimu wa kwaya wa kwenu.

Ni kweli Wachagga na Leipzig ni ndugu?

Hili ndilo swali nililolisubiri. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 na kuanzia Machame walikuwa wa Misheni ya Leipzig. Bibi yangu hakuwahi kutoka Tanzania, lakini neno "Laipsigi" alilijua kabla ya neno "Dodoma". Bruno Gutmann, aliyekaa kwetu Old Moshi miaka mingi na kuandika mila za Wachagga, alitumwa kutoka hapa. Nyumba ya misheni ipo mpaka leo, Paul-List-Straße. Nilipoenda mara ya kwanza nilijitambulisha kwa jina la kijiji, nikapewa kahawa. Ya Kilimanjaro, waliniambia. Nikainywa kwa adabu, nikiwa najua kahawa ya nyumbani tunaiuza, tunakunywa chai.

Kuna upande mwingine wa udugu huo. Hans Meyer, anayesifiwa vitabuni kwa kufika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa mtu wa Leipzig, wa familia ya wachapaji vitabu. Kilele akakipa jina la mfalme wao. Sisi tunakiita Uhuru. Wazee wa Marangu watakutajia Yohani Kinyala Lauwo kwamba ndiye aliyewaonesha njia. Meyer alibeba jiwe kutoka kileleni, sehemu moja akamzawadia mfalme, ikawekwa kwenye jumba la kifalme Potsdam. Wasanii walipanda Zugspitze, mlima mrefu kuliko yote Ujerumani, wakakata kipande cha kilele, na mwaka 2022 wakakiweka kwenye jumba la makumbusho la Grassi hapa Leipzig hadi jiwe la Kilimanjaro litakaporudi. Niliona Wajerumani wakinung'unika mbele ya kioo: mlima wetu, wamewezaje? Nilisimama pale muda mrefu. Sikutaka kuondoka.

Halafu nikakumbuka mti. Old Moshi, Tsuduni, upo mti ambapo Mangi Meli, mtawala wetu, alinyongwa na Wajerumani Machi 1900 pamoja na wenzake. Tukiwa watoto tuliambiwa tusicheze chini yake. Kichwa chake, familia inasema, kililetwa Ujerumani, na mpaka leo wanakitafuta. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliunganisha mafuvu kadhaa yaliyohifadhiwa Berlin na watu walio hai Tanzania. Mangi Meli hakuwemo.

Kwa nini hupendi nyama choma ya Clara-Zetkin-Park?

Rafiki zangu wa huku ndio wanaoniuliza hili. Ni bustani nzuri, kiangazi mji mzima unalala kwenye nyasi zake. Mwaka 1897 kulikuwa na maonesho makubwa ya biashara kwenye eneo hilo, na ndani yake sehemu ya "Afrika Mashariki ya Kijerumani". Kilichooneshwa kilikuwa watu. Zaidi ya arobaini kutoka nchi yetu ya leo, walioletwa wakae kwenye vibanda watazamwe na waliokata tiketi. Nilisoma habari hiyo nikiwa nimekaa kwenye benchi palepale, tarumbeta za bendi zinasikika kwa mbali. Naenda bado, nacheza mpira, nakula. Ila siku nyingine nyama haipiti.

Je, kuna Wazanzibari waliosoma huko zamani?

Wapo, na wamezeeka. Zanzibar ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, mwaka 1964, na wageni wengi waliokuja kusoma walianzia Leipzig, kwenye taasisi iliyofundisha Kijerumani tangu 1956. Ukipita Grünau, mtaa wa maghorofa ya zege magharibi mwa mji, utashtuka kama umekulia Ng'ambo: ni Kikwajuni na Michenzani zenye theluji. Si bahati mbaya. Majengo ya kule yalitokana na mipango na misaada ya Wajerumani haohao. Mwenzangu wa Unguja alipofika hapo alimpigia mama yake simu ya video, naye akauliza, "Umerudi lini?"

Waswahili mnakutana?

Tunakutana. Watanzania, Wakenya, Wakongo wa Bukavu na Lubumbashi, Warundi, na Wajerumani waliojifunza Kiswahili chuoni, ambao ngeli zao zimenyooka kuliko zangu. Mmoja alinisahihisha "mapicha". Tunabishana juu ya pilau, na Mkongo mmoja husema "tutaonana kesho yake" na hakuna anayejua ni lini.

Nikija nikuletee nini?

Nyama na maziwa usilete, ya aina yoyote, hata nyama kavu ya kwa bibi. Forodha watavichukua na wewe watakuandika. Dagaa wakavu waliofungwa vizuri wanaruhusiwa. Ndizi pia zinaruhusiwa, watu hawaamini, kwa hiyo mshale mkungu nusu kama begi lina nafasi. Iliki na mdalasini wa Unguja. Majani ya chai.

Na mwiko. Leta miwili, mipana, ya mti mgumu. Ule niliotumiwa mwaka jana umeazimwa na Mvietinamu, na sioni dalili za kurudishwa.